Dura, Tenera au Pisifera? Mwongozo kamili wa kupima tofauti za michikichi shambani Kigoma

Katika shamba la zamani la michikichi, liwe la Simbo, Mahembe au bonde la Luiche, ni vigumu kupata miti miwili inayofanana. Mmoja unatoa mikungu mikubwa, lakini ukikamua mafuta ni kidogo. Wa pili mikungu yake ni ya wastani, ila pipa linajaa. Mwingine matunda yake machanga ni meusi, na wa jirani yake ni ya kijani. Halafu upo ule mrefu, mnene, wenye majani ya kumeremeta na maua kila mara, ambao mikungu yake yote inaoza kabla ya kukomaa. Miti yote hiyo ni spishi moja, Elaeis guineensis.

Wengi wetu tunaigawa michikichi mafungu mawili tu, wa kienyeji na wa kisasa. Mgawanyo huo unatosha kwa maongezi ya sokoni Mwandiga. Hautoshi kwa mtu anayetaka kuamua aukate mti upi, aubakize upi na mbegu aitoe wapi. Mwongozo huu ni wake, na ni wa mwalimu wa Biolojia pia, anayefundisha urithi kwa njegere za kwenye kitabu wakati nyuma ya darasa lake imesimama michikichi.

Kazi ina maswali mawili. Miti inatofautiana vipi? Na katika tofauti hizo, zipi mti umezaliwa nazo na zipi zimeletwa na udongo, mvua na umri? Swali la kwanza linajibiwa kwa kisu na mizani. La pili ndilo linalowapotezea watu fedha.

Elewa kwanza gamba

Ukikata tunda la mchikichi kwa upana utakuta, kutoka nje kwenda ndani: ngozi nyembamba, nyama yenye mafuta ya mawese, gamba gumu, na ndani yake kiini, yaani mise. Unene wa gamba ndio unaogawa michikichi katika aina tatu.

Dura ina gamba nene, kwa kawaida milimita 2 hadi 8. Nyama yake mara nyingi ni asilimia 35 hadi 55 ya uzito wa tunda. Michikichi mingi tunayoiita ya kienyeji ni dura.

Tenera ina gamba jembamba, kati ya nusu milimita na milimita 4, na nyama yake huanzia asilimia 60 kwenda juu. Kwa mkungu wa uzito uleule, tenera hutoa mafuta zaidi ya dura kwa takriban asilimia 30. Alama yake kubwa ni pete ya nyuzi: vidoa vyeusi vya nyuzi vinavyolizunguka gamba ndani ya nyama.

Pisifera haina gamba. Mingi ni tasa upande wa kike: maua ya kike yanatoka kwa wingi, kisha mikungu inaoza. Kwa kuwa mti haulei matunda, nguvu zote zinakwenda kwenye shina na majani, ndiyo maana unakuwa mzuri kuliko yote shambani. Watu wanaumwagia mbolea na kuuombea wakingoja uzae. Hautazaa.

Siri ya mambo hayo ilifumbuliwa ng'ambo ya ziwa, kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi nchini Kongo. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba unene wa gamba unatawaliwa na jeni moja. Kila mti unabeba nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Nakala mbili za gamba nene zinatoa dura, mbili za bila gamba zinatoa pisifera, na mti uliopata moja ya kila upande ni tenera. Kwa hiyo tenera si aina inayosimama peke yake. Ni chotara, na chotara akizaa, nakala zinachanganywa upya. Hapo ndipo hesabu ya mbegu inapoanzia, tutaifikia.

Hatua ya 1: Omba ruhusa, kisha uliza historia

Kama shamba si lako, nenda kwa mwenyewe kwa adabu. Shikamoo kwanza, maelezo baadaye, na mweleze wazi kwamba utakata mkungu mmoja kwa kila mti na mafuta yake hayapotei. Mzee mwenye shamba ana kumbukumbu ambayo hakuna kipimo kitakachokupa: mbegu ilitoka wapi, miti ilipandwa mwaka gani, sehemu ipi iliungua, wapi maji yanatuama masika. Andika yote. Umri ndio muhimu kuliko mengine, kwa sababu mti wa miaka mitano na wa miaka ishirini haulinganishwi kwa uzito wa mkungu hata kama ni ndugu.

Vifaa: panga au mundu wa mti mrefu, kisu kikali, ubao, mizani ya kawaida kwa mikungu na mizani ndogo inayosoma gramu kwa matunda, rula au kalipa (kifaa cha kupimia unene), daftari, rangi ya mafuta na simu yenye kamera. Kalipa ya maabara ya shule inafaa sana. Rula ya plastiki inafaa pia, mradi usijidanganye kwamba imesoma nusu milimita.

Hatua ya 2: Chagua miti bila upendeleo

Ukiambiwa chagua miti thelathini, jicho litakwenda kwenye miti mizuri na ile ya kando ya njia. Usiliruhusu. Hesabu mistari, chukua kila mti wa tano au wa kumi, uwe mzuri au mbaya. Miti 30 inatosha kuanzia. Ikifika 50 ni bora zaidi. Andika namba kwa rangi kwenye kila shina, upande mmoja wa dira kwa miti yote, ili mwakani usizunguke ukitafuta.

Chora ramani ya mkono: mti namba 1 uko mtelemkoni, namba 2 bondeni, namba 3 jirani na zizi la ng'ombe. Ramani hii inaonekana ya kitoto, lakini bila hiyo swali la pili halijibiki.

Hatua ya 3: Soma mti ukiwa umesimama

Kabla hujakata chochote, tazama rangi ya matunda machanga. Yenye weusi au zambarau kwa juu yanaitwa nigresensi, nayo ndiyo mengi. Ya kijani ambayo hugeuka rangi ya chungwa yakiiva yanaitwa viresensi. Rangi hii ni ya kurithi, na jeni yake ilitambuliwa mwaka 2014. Nakala moja tu ya viresensi inatosha kuyafanya matunda yawe ya kijani. Haihusiani na wingi wa mafuta. Faida yake ni kwa mvunaji: kijani kikigeuka chungwa unaona hata ukiwa chini ya mti, wakati weusi unaogeuka wekundu unababaisha.

Kisha majani. Yanatoka kwa mzunguko, na ukihesabu kuanzia jani changa kabisa lililokwisha kufunguka, la 1, la 9 na la 17 yanakaa karibu mstari mmoja. Wataalamu hupima jani la 17, nawe pima hilohilo kwa kila mti. Ukipima jani la juu hapa na la chini pale, umepima umri wa majani. Mzunguko wenyewe unaweza kwenda kulia au kushoto. Tofauti hiyo inaonekana wazi, na wanafunzi wanaipenda, lakini hairithiwi. Iandike hivyohivyo. Ni mfano mzuri wa tofauti ya kweli isiyokuwa na maana yoyote kwa mchagua mbegu.

Urefu wa shina ugawe kwa umri upate ukuaji wa kila mwaka. Miti iliyobanana hurefuka ikitafuta jua, kwa hiyo andika pia umbali hadi mti wa jirani.

Hatua ya 4: Kata, chambua, pima

Hii ndiyo kazi yenyewe, na haraka haifai.

Vuna mkungu ulioiva, wenye matunda machache yaliyoanza kudondoka yenyewe. Mkungu usioiva utakudanganya kuhusu nyama, na uliolala siku tatu umekwisha kupoteza maji. Pima uzito wa mkungu mzima. Upasue kwa panga, kisha chukua matunda 30: nusu kutoka nje ya mkungu, nusu kutoka ndani karibu na bua. Matunda ya nje ni makubwa na mekundu. Ya ndani yamebanwa, madogo, yamepauka. Yote ni ya mti mmoja, yana mama mmoja, ila nafasi imeyatofautisha. Ukichukua ya nje kwenye mti huu na ya ndani kwenye ule, utatangaza tofauti isiyokuwepo.

Matunda matano kati ya hayo yakate kwa upana, katikati kabisa. Gamba la dura linahitaji panga na ubao, angalia vidole. Pima unene wa gamba sehemu mbili zinazokabiliana, chukua wastani. Tafuta pete ya nyuzi. Piga picha ukiwa umeweka rula kando na karatasi yenye namba ya mti ndani ya picha. Picha isiyo na namba haina kazi baada ya wiki.

Matunda 25 yaliyobaki yapime kwa pamoja. Kwangua nyama yote kwa kisu yakiwa mabichi, bila kuyachemsha, kwa sababu kuchemsha kunabadilisha uzito. Pima kokwa zilizobaki. Tuseme matunda yalikuwa gramu 330 na kokwa zimebaki gramu 176: nyama ni gramu 154, sawa na asilimia 47. Mti mwingine matunda gramu 270, kokwa gramu 68: nyama ni 202, karibu asilimia 75. Wa kwanza una matunda makubwa, wa pili ndio wenye mafuta.

Tahadhari moja. Zipo dura zilizochaguliwa kwa vizazi vingi ambazo nyama yake inafika asilimia 65, na zipo tenera zilizo karibu na 60. Vilevile gamba la milimita 3 linaweza kuwa la yoyote kati ya hizo mbili. Namba zikigongana, amini pete ya nyuzi.

Hatua ya 5: Tenganisha urithi na mazingira

Wakulima wa mwani wa Unguja wanaweza kutufundisha hapa. Mwani mwekundu unaolimwa Paje na Jambiani, spinosumu na kotonii, haupandwi kwa mbegu. Mkulima anavunja kipande cha mche, anakifunga kwenye kamba, na kipande kinakua kuwa mche mpya wenye vinasaba vilevile vya ulikotoka. Kwa hiyo akiona vipande vilivyotoka kwa mche mmoja vimetofautiana, kimoja kinene kwenye maji yanayotembea na kingine chembamba kwenye maji yaliyotulia, anajua maji ndiyo yaliyofanya kazi. Akitaka kujua kama mwani wa kahawia na wa kijani wa spishi ileile unatofautiana kwa kuzaliwa, anaufunga kwenye kamba moja, kina kimoja, jua moja, na kungoja. Ubaya wa njia hiyo umeonekana pia: ukulima wa kibiashara ulianza Zanzibar mwaka 1989 kwa miche iliyoletwa kutoka Ufilipino, ukaendelea kwa vipande vya vipande, vinasaba vikabaki vya aina chache sana. Bahari ilipopata joto, kotonii ikafa maeneo mengi.

Mchikichi hauna njia hiyo ya mkato. Una ncha moja tu ya kukulia, juu kabisa. Ukiikata, mti umekufa. Shambani unazaa kwa mbegu tu, na kila mbegu ni mchanganyiko mpya. Hivyo huwezi kuupanda mti uleule bondeni na mlimani. Unachoweza ni haya matatu.

Linganisha jirani kwa jirani. Rudi kwenye ramani yako. Kama miti yote ya bondeni ina mikungu mizito na yote ya mtelemkoni ina mepesi, usiseme ni mbegu. Lakini kama tenera na dura zimesimama bega kwa bega kwenye udongo uleule, tofauti ya gamba kati yao si ya udongo.

Rudia vipimo msimu mwingine. Mvua ya Kigoma ni takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na kiangazi chake ni kirefu. Mchikichi ungependa karibu mara mbili ya hiyo. Ukame unaufanya mti utoe maua mengi ya kiume na machache ya kike, na kwa kuwa jinsia ya ua huamuliwa mapema sana, matokeo yanaweza kuonekana takriban miaka miwili baadaye. Mti unaolaumiwa leo huenda unalipa deni la kiangazi cha mwaka juzi. Gamba halibadiliki hivyo: mti wa dura ni dura masika na kiangazi. Idadi ya mikungu, uzito wake na urefu wa majani vinayumba.

Na ukipanda upya, changanya. Weka miche ya asili mbalimbali kwa kupishana kwenye kila mstari, usiwape wageni bonde lenye rutuba na wenyeji kichuguu. Majaribio mengi ya "mbegu mpya" yanashinda kwa sababu hiyo tu.

Ondoa pia magonjwa ya njaa kabla ya kuzungumza urithi. Majani ya chini yanayogeuka njano huku sehemu zenye kivuli zikibaki kijani mara nyingi ni upungufu wa magnesiamu. Ncha za vijani zilizojikunja kama ndoana zinaashiria upungufu wa boroni. Mkungu wenye matunda machache yaliyojaa huenda haukupata chavua ya kutosha: mchikichi huchavushwa zaidi na wadudu wadogo jamii ya fukusi. Malaysia walilazimika kuwachukua Cameroon na kuwaachia mashambani mwaka 1981, na hadi hapo walikuwa wakichavusha kwa mikono.

Hatua ya 6: Fanya hesabu ya mbegu kabla ya kuokota

Umepata mti wa tenera wenye mafuta kuliko yote. Kishawishi ni kuokota kokwa zake na kuziotesha. Hesabu inasema hivi. Kama chavua ilitoka kwa dura zinazouzunguka, nusu ya watoto watakuwa dura na nusu tenera. Kama ilitoka kwa tenera mwenzake, robo watakuwa dura, nusu tenera na robo pisifera. Kwa kuokota hivyo hakuna namna ya kupata tenera tupu. Ekari moja inachukua takriban michikichi 58 kwa nafasi ya mita 9. Robo yake ni miti kama 14 isiyozaa, na utaijua baada ya miaka mitatu au minne ya palizi.

Tenera tupu inapatikana kwa njia moja: mama dura halisi, chavua ya pisifera, na ua la kike likifunikwa kwa mfuko ili chavua nyingine isiingie. Kazi hiyo inafanywa Kigoma kwetu, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, kilichopewa jukumu la zao hili baada ya serikali kuanza kampeni ya kulifufua mwaka 2018.

Hapa kuna jambo linalozua ugomvi usio na sababu. Mbegu halali ya tenera ina gamba nene. Gamba ni sehemu ya mwili wa mama, na mama ni dura. Mtoto aliyemo ndani ndiye tenera, na gamba lake jembamba litaonekana kwenye matunda yeye mwenyewe atakayozaa. Kwa hiyo ukipasua mbegu uliyouziwa ukakuta gamba la milimita nne, hujaibiwa. Aliyeibiwa ni yule aliyeuziwa kokwa zenye gamba jembamba akaambiwa "hizi ndizo tenera": ameuziwa watoto wa tenera.

Kwa sababu macho hayatoshi, nunua kwa karatasi. Uliza mbegu imezalishwa wapi, dai lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na risiti, na uliza kitalu kinatupa miche ya namna gani. Kitalu kinachosema hakitupi mche hata mmoja kiogope. Miche iliyopinda, yenye majani membamba kama nyasi au iliyodumaa lazima itokee, na mahali pake ni jalalani.

Hatua ya 7: Kama unataka kufika kwenye vinasaba

Mwaka 2013 jeni ya gamba ilitambuliwa, ikapewa jina SHELL, sambamba na kusomwa kwa jenomu ya mchikichi, yaani vinasaba vyake vyote, yenye herufi zipatazo bilioni 1.8 katika jozi 16 za kromosomu. Tangu hapo mche wa kitaluni unaweza kujulikana kama ni dura, tenera au pisifera kwa kipande cha jani. Kwa ekari moja huna haja ya gharama hiyo. Kwa kikundi cha wenye vitalu au mwanafunzi wa chuo, inalipa.

Kata kipande cha jani changa kisicho na ugonjwa, kifute, kiweke kwenye bahasha ya karatasi, na bahasha uitie kwenye mfuko wenye chembe za silika za kunyonya unyevu. Usitumie mfuko wa plastiki mtupu, jani litaoza. Futa kisu kwa spiriti kila unapohama mti. Namba ya bahasha iwe ile iliyo kwenye shina. Ongea na maabara ya chuo kikuu kabla ya kukusanya, wakueleze wanataka nini. Na kama sampuli inavuka mpaka, hata kwenda Bujumbura tu, wasiliana kwanza na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kuhusu kibali.

Hatua ya 8: Amua, mti kwa mti

Mti ulioutambua kuwa pisifera kwenye shamba la biashara uondoe. Hauna chavua unayoihitaji wewe. Wenye kuihitaji wana yao waliyoipima. Dura dhaifu, ambayo misimu miwili imekuwa ya mwisho kwa mafuta ingawa jirani zake kwenye udongo uleule wanafanya vizuri, ibadilishe.

Dura nyingine nisingekimbilia kuzikata. Mise zake zina soko kwa watengeneza sabuni, na dura ndiyo mama wa kila tenera. Kuna sababu kubwa zaidi: michikichi ya dura iliyoenea Asia ya Kusini-Mashariki inatokana kwa sehemu kubwa na miti minne iliyopandwa Bogor, Indonesia, mwaka 1848. Sisi tuna mashamba yaliyooteshwa kwa mbegu ovyo, kizazi baada ya kizazi, na utofauti uliomo humo, wa kustahimili kiangazi au mnyauko wa fuzari (ugonjwa wa kuvu), haununuliki dukani. Acha angalau dura zako zilizo bora kando ya shamba, zenye namba, na daftari lake mpe afisa ugani alinakili.

Miche inayojiotea chini ya miti ing'oe kila palizi, ikiwemo ile iliyonawiri kando ya karo la kukamulia mawese. Haina baba anayejulikana, na ukiiacha mwaka mmoja utaionea huruma.